Nyumba ya kihistoria Ufaransa: kulindwa si kutaifishwa

Watu wengi huamini kwamba nyumba ya kale ya Ufaransa ikishawekwa chini ya ulinzi wa sheria huwa mali ya serikali, na hairuhusiwi kuguswa hata msumari. Dhana hiyo inaeleweka, hasa kwa anayesimama Place des Vosges, Paris, uwanja uliozinduliwa mwaka 1612, na kuona baraza zile zile za matao na kuta za matofali mekundu na mawe (ingawa baadhi ya "matofali" hayo ni lipu iliyopakwa rangi).

Lakini sheria ya Ufaransa ya kulinda majengo ya kihistoria, iliyotungwa mwaka 1913, haimnyang'anyi mtu nyumba yake: mwenyewe anaweza kuiuza, kuipangisha au kuirithisha. Ulinzi una ngazi mbili. Katika ile ya juu, kazi yoyote ya ukarabati au mabadiliko huhitaji kibali kwanza. Tena, mara nyingi hulindwa sehemu tu, kama uso wa nyumba, paa au ngazi.

Anayetaka kuhakikisha aifungue Mérimée, hifadhidata ya umma ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa, isiyolipiwa intanetini, atafute kwa jina la mji, kisha asome sehemu zilizotajwa, tarehe ya uamuzi na, mara nyingi, aina ya mmiliki.