"Jengo si langu, nitalipiganiaje?" Dhana potofu kuhusu kulinda majengo na maeneo yetu

Vikundi vya mtaa vinavyotaka kuokoa nyumba ya kale, uwanja wa watoto au msitu wa kaya (msitu mtakatifu wa Wamijikenda wa pwani ya Kenya) huvunjwa moyo na kauli zilezile kila mara. Nyingi hutoka kwa majirani wenye nia njema, na ndizo zinazoniuma zaidi, maana huwafanya watu waache kazi kabla hawajaianza.

"Huna hati, huna haki"

Kauli hii iliwahi kuwa na nguvu ya sheria. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kulizuia, kesi yake ikatupwa: alionekana hana haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha dhara lililompata yeye mwenyewe. Hakunyamaza. Aliandika barua ndani na nje ya nchi, akatukanwa hadharani, mpaka wafadhili wakajitoa na bustani ikabaki kuwa bustani.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliufungua mlango huo. Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Lamu waliutumia uwezo huo wa kisheria vizuri. Muungano wa vikundi vya wenyeji uitwao Save Lamu ulipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, kaskazini mwa mji. Watu walihofia hewa, samaki, na mji wa kale wenyewe. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo huo. Hoja kubwa iliyowashindia ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo juu ya yaliyomo katika ripoti ya athari za mazingira. Wavuvi na mafundi wa Lamu hawakuwa na hati ya Kwasasi.

Nje ya Kenya sheria zinatofautiana, kwa hiyo kikundi kitafute wakili wa kwao mapema. Na kwa pwani yote: ulizeni kama jengo ni la wakfu, yaani limetolewa kwa ajili ya dini au hisani kwa sheria ya Kiislamu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja ni za wakfu, na mali ya wakfu haiuzwi kienyeji kama mali ya mtu binafsi.

"Ikishaingia UNESCO, imeokoka"

Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililo mbele kabisa ya mji huo, iliporomoka na kuua, tena ukarabati ukiwa unaendelea. Orodha inawapa wananchi nguvu ya kuuliza maswali na kudai majibu. Paa linalovuja, orodha haiwezi kuliziba.

"Saruji ni imara kuliko chokaa"

Hapa vikundi huharibu kwa mikono yao wenyewe, na ningependa kila kamati ya msikiti au ya mtaa ilisikie hili. Nyumba za kale za Lamu, Mombasa na Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji, maji hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na siku plasta inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Huku ndani, vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza bila mtu kuona, na dari hushuka.

Basi mkichanga fedha kidogo, anzeni na paa na mifereji ya maji, kisha mtafute fundi wa chokaa. Wazee wanaoijua kazi hiyo bado wapo. Wapeni vijana wa kufundisha. Rangi ya ukuta wa mbele ije mwisho, hata kama mfadhili anaitaka kwa ajili ya picha.

"Lazima iwe ya kale"

Sheria ya makumbusho na urithi ya Kenya ya 2006 inaruhusu jengo la umri wowote litangazwe kuwa la kumbukumbu, mradi lina thamani ya historia, utamaduni au usanifu. Tanzania Bara, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na waziri anaweza kuyatangaza mengine. Na si kila kinachofaa kulindwa ni mnara wa historia. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa gesi ya machozi wakitetea uwanja wao wa kuchezea uliozungushiwa ukuta. Uwanja huo ulikuwa udongo mtupu, na kwa watoto wale ulikuwa kila kitu.

"Kuhifadhi ni kufunga"

Kaya Kinondo, Kwale, wazee wa kaya wanapokea wageni. Unafungwa nguo nyeusi kiunoni, unaongozwa, unalipa kiingilio, na msitu unabaki na masharti yake. Karura, Nairobi, chama cha jamii kimeusimamia msitu pamoja na shirika la misitu la serikali. Leo familia zinatembea pale ambapo mwaka 1999 watu walipigwa kwa kupanda miti.

"Tukiandamana inatosha"

Maandamano huwaamsha watu, lakini rufaa huhitaji karatasi. Kenya, anayepinga leseni ya mazingira ana siku 60 tu za kufika mbele ya lile jopo la rufaa za mazingira. Kikundi kisichosajiliwa, kisicho na kumbukumbu za mikutano, picha zenye tarehe, ramani ya kiwanja na maelezo ya wazee yaliyoandikwa na kutiwa saini, kitazimaliza siku hizo kikitafuta vitu hivyo. Anzeni kuvikusanya sasa, wakati tingatinga halijafika. Nendeni ofisi ya ardhi mkaulize kiwanja kimeandikwa jina la nani, na jibu mlipate kwa maandishi.