Asilimia 100.01 na dhana nyingine potofu kuhusu kukadiria tarakimu

Mteja mwingine amenirudishia jedwali akidai kwamba lina kosa, kwa kuwa asilimia zake zinajumlisha 100.1. Jedwali halikuwa na kosa. Kwa kuwa lalamiko hili hunifikia karibu kila ninapokabidhi ripoti, nimeona nilijibu kwa maandishi, pamoja na mengine machache yanayofanana nalo.

Dhana: Asilimia zisipojumlisha 100 kamili, kuna aliyekosea au aliyeiba.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Kenya. Tarehe 15 Agosti 2022, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Wafula Chebukati, alimtangaza William Ruto kuwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.49, huku Raila Odinga akipata 48.85, George Wajackoyah 0.44 na David Mwaure 0.23. Siku iliyofuata makamishna wanne wa tume hiyohiyo, wakiongozwa na naibu mwenyekiti Juliana Cherera, walisema kwamba asilimia hizo zinajumlisha 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni sawa na kura zipatazo 142,000.

Zichukuliwe kura zenyewe: 7,176,141, 6,942,930, 61,969 na 31,987, ambazo jumla yake ni 14,213,027. Kwa nafasi tano za desimali, mgao wake ni 50.48989, 48.84906, 0.43600 na 0.22505, na jumla ni 100 bila ziada yoyote. Zikikadiriwa hadi nafasi mbili, yaani zikifupishwa kwa kuchukua tarakimu iliyo karibu zaidi, zote nne hupanda juu kidogo, na vipande hivyo vinne vidogo ndivyo vinavyozaa ile 0.01. Hakuna kura hata moja iliyoongezeka. Isitoshe, asilimia 0.01 ya kura zile ni kura 1,421 tu. 142,000 ni asilimia 1 nzima, na kosa hilo halihusiani na kukadiria hata kidogo.

Anayeamini bado kwamba jumla ya asilimia ni kipimo cha uaminifu azikadirie kura hizohizo kwa njia nyingine. Bila desimali, jumla ni 99. Kwa nafasi moja ni 99.9, kwa nafasi tatu ni 100.000, na kwa nafasi nne, ambapo wengi hutarajia usahihi zaidi, ziada inarudi na jumla inakuwa 100.0001. Je, tuseme kwamba kura ziliibwa, zikaongezwa, zikarudishwa, kisha zikaongezwa tena, kulingana na upana wa safu ya jedwali? Anayetaka kukagua hesabu na ajumlishe kura, wala si asilimia.

Linaloniudhi zaidi ni dawa ambayo wateja hujitibu nayo: hupunguza kidogo asilimia iliyo kubwa kuliko zote ili jumla ifike 100. Huko ni kubadilisha matokeo ili jedwali lipendeze. Andika chini ya jedwali kwamba jumla inaweza kutofautiana na 100 kwa sababu ya kukadiria, kisha uache tarakimu zilivyo.

Dhana: Jumla ikifika 100, hakuna kilichofichika.

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716 na watu huntha 1,524. Kwa asilimia zisizo na desimali matokeo ni 50, 50 na 0, jumla 100 kamili. Hata hivyo, wanawake 466,660 waliowazidi wanaume hawaonekani tena, na kundi la tatu limefutika kabisa.

Dhana: Hakuna hasara ukikadiria katika kila hatua.

Fahirisi (kipimo cha bei za hisa kwa ujumla) ya soko la hisa la Vancouver, Kanada, ilianza mwaka 1982 ikiwa 1,000, na kila ilipokokotolewa upya, mara nyingi mno kwa siku, tarakimu zilizofuata nafasi ya tatu ya desimali zilikatwa tu. Kufikia Novemba 1983 ilisomeka 520 na ushei. Iliporekebishwa ikawa takriban 1,098. Hifadhi tarakimu zote hadi mwisho, ukadirie mara moja.

Dhana: Programu ya takwimu ikiandika p = 0.000, uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu ni sifuri.

Si sifuri, programu imeishiwa nafasi za kuonyesha. Andika p < 0.001, tafadhali.

Dhana: Tofauti ndogo kama hizo haziamui lolote.

Huamua palipo na kizingiti. Katika uchaguzi wa jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, Aprili 1992, programu ilionyesha kwamba chama cha Kijani kimepata asilimia 5.0, kiwango cha chini cha kuingia bungeni, ilhali mgao wake halisi ulikuwa 4.97. Kosa lilipogunduliwa chama hicho kilipoteza viti vyake, na chama cha SPD (Wasoshalisti wa Kidemokrasia) kikapata wingi wa kutawala peke yake.