Kano ya bega ikichanika, si lazima upasuaji

Wengi wakiambiwa MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, imeonyesha kano ya bega imechanika, huamini kwamba bila upasuaji mkono hautapona. Imani hiyo ni ya miaka mingi, na inawatia watu hofu isiyo ya lazima.

Kano hizi ni kamba zinazounganisha mfupa wa mkono na misuli minne inayoushikilia kwenye bega. Umri ukisonga huchakaa na kuchanika, mara nyingi bila maumivu yoyote. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 ulipima kwa MRI mabega ya watu 96 wasio na malalamiko. Kati ya waliozidi miaka 60, asilimia 54 walikuwa na mchaniko, mdogo au mkubwa. Kwa hiyo picha peke yake haielezi maumivu. Daktari anapaswa kuuliza yalianzaje, kisha aupime mkono wenyewe.

Mwaka 2013 John Kuhn, daktari wa mifupa wa Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 452 ambao kano zao zilichanika kabisa bila ajali, wakaanzishiwa mazoezi ya tiba. Miaka 2 baadaye, waliofanyiwa upasuaji hawakufika robo. Mazoezi hayashoni kano. Huimarisha misuli mingine ya bega ibebe kazi.

Aliyeanguka na ghafla akashindwa kuinua mkono, huyo ni suala jingine kabisa. Asikae nyumbani akijichua. Amwone daktari wa mifupa mapema, kwa kuwa msuli ulioachwa muda mrefu hunywea na kujaa mafuta, na kushona kano huwa kugumu.