Kipupwe kinapoingia Newala: kuusoma uzi wa ming'oko

Kila mwaka, mvua zinapokatika mwishoni mwa Aprili au katikati ya Mei, huja asubuhi moja hapa juu ya Uwanda wa Makonde ambapo mtu akifungua mlango hupokewa na ubaridi mkavu usoni, na kusi inakuwa imekwisha kushika njia yake kutoka baharini. Kwangu mimi, niliyefanya kazi ya kuchunguza mimea ya pori katika vichaka vya Newala na Tandahimba kwa miaka mingi, huo ndio wakati unaonifurahisha kuliko mwingine wowote.

Wanafunzi huniuliza kama hiki ndicho kile ambacho vitabu vya Ulaya hukiita majira ya kupukutika majani, na ambacho baadhi ya watafsiri wetu hukiita vuli. Neno hilo linapotosha. Vuli ni mvua za mwisho wa mwaka zinazojulikana kaskazini, ilhali Mtwara na Lindi zina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kinachofuata ni kipupwe, na majani yetu hupukutika kwa sababu nyingine kabisa. Ulaya mti huagana na majani yake mchana unapofupika na baridi inapokaribia. Sisi, tulio kati ya nyuzi 10 na 11 kusini mwa Ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haizidi saa moja na nusu. Kinachouamrisha mmea hapa ni maji. Udongo wa uwandani ni wa kichanga, mvua huzama upesi, na mmea usiopunguza majani utaendelea kupoteza maji usiyoweza kuyarudisha.

Wa kwanza kutii amri hiyo ni mimea inayotambaa, na miongoni mwake hakuna ninaoupenda kama ming'oko, mmea wa porini wenye viazi vinavyoliwa. Wataalamu huuita Dioscorea hirtiflora, jamii moja na kiazi kikuu, lakini hapa hakuna anayehitaji jina hilo. Wakati wa masika uzi wake, yaani shina lake jembamba linalotambaa, huzunguka miti midogo na kupotea katika kijani cha wenzake, kiasi kwamba unaweza kupita mara kumi usiuone. Kipupwe kikiingia, majani yake yenye umbo la moyo hugeuka manjano kabla ya kichaka kizima, na uzi ambao jana haukuonekana leo unang'aa kama utepe. Ukisogea karibu utaona katika mimea ya kike (kwa maana mimea hii ina dume na jike mbalimbali) vifuko vya mbegu vyenye mbavu tatu, vimekauka na vinachakarisha upepo ukivitikisa.

Manjano hayo yana maana kwa mchimbaji. Kabla ya kuliacha jani, mmea hurudisha chini sehemu kubwa ya chakula ulichokitengeneza, na kukihifadhi katika viazi vyembamba kama vidole vilivyojificha mchangani. Ukichimba uzi ungali wa kijani kibichi, utapata viazi vidogo vya majimaji. Ukichelewa, shida ni nyingine, na mimi niliijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza huku nilikwenda kichakani mwezi Agosti na daftari langu, nikachimba mashimo manne bila kupata kitu. Bibi mmoja aliyekuwa akichimba jirani alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Mjukuu wangu, uzi umeshakatika. Sasa utamwuliza nani njia?" Kiazi kipo palepale, ila upepo umebeba kielekezi chake.

Bibi huyohuyo alinionyesha jinsi anavyofukua mchanga kwa mkono akishafika karibu na viazi, akavunja vile virefu na kukiacha kichwa ardhini, kisha akalifukia shimo na kulikanyaga. Kwa mimea ya jamii hii chipukizi la msimu ujao hutoka kichwani, kwa hiyo anayeng'oa kila kitu amejinyima mwenyewe. Ninasikitika kuona mashimo mengi yaliyoachwa wazi karibu na barabara, kazi ya watu wanaochimba kwa ajili ya kuuza na kuondoka. Sina ugomvi na biashara yenyewe. Mimi pia hununua fungu la ming'oko iliyochemshwa, nikaila kwa chumvi na pilipili.

Tahadhari moja ni ya lazima. Uzi wenye miiba na majani yaliyogawanyika vipande vitatu ni ndiga, ndugu yake mwenye sumu inayodhuru mishipa ya fahamu, na haliwi bila kukatwakatwa na kulowekwa kwa siku kadhaa kama wazee walivyofanya nyakati za njaa.

Halafu kuna upupu, ambao maganda yake hukauka wakati huuhuu. Vinyweleo vyake vya rangi ya dhahabu vina kimeng'enya kinachowasha ngozi, na kusi huvipeperusha, hivyo huhitaji hata kuugusa. Mimi huuzunguka kwa upande unakotoka upepo, tangu siku niliyorudi nyumbani nimejipaka majivu hadi shingoni.

Miti mikubwa haina haraka. Mbuyu hupoteza majani taratibu, na ukiukwangua kidogo gome kwa ukucha utakuta rangi ya kijani chini yake, kwani gome hilo nalo linaweza kutengeneza chakula. Miyombo ya upande wa Masasi na Nachingwea itasubiri hadi Septemba au Oktoba, kisha itatoa majani mapya mekundu kabla ya tone la kwanza la mvua.

Jana jioni nilipita kwenye kichaka kilicho nyuma ya mikorosho ya jirani. Uzi mmoja wa ming'oko ulikuwa umebakiza majani matatu ya kijani karibu na kilele. Bado kidogo. Nikafunga kitambaa chekundu pale unapoingia ardhini, upepo usije ukanitangulia.