Mgonjwa Hajitambui, Kalamu Apewe Nani?

"Tunamsubiri mkubwa." Nje ya chumba cha wagonjwa mahututi hapa Tanga, kauli hii nimeisikia hadi imenichosha. Mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia, utafiti wa tiba unaotaka kumhusisha unahitaji ridhaa ya mtu wa kumsemea, na ukoo mzima unamngoja baba mkubwa ashuke basi la Lushoto. Binti anayeishi na mgonjwa Makorora, anayempa dawa za presha kila asubuhi, kakaa pembeni na chupa ya uji. Hakuna anayemuuliza lolote.

Basi niseme: ridhaa si cheo cha ukoo. Itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, na sheria ndizo zinazotaja nani anatambulika kuwa mwakilishi, na miongoni mwa hao anafaa zaidi anayemjua mgonjwa. Hatuulizi "wewe unaonaje?" Tunauliza: yeye angeweza kusema, angesemaje? Alikuwa mtu wa kujitolea damu, au akiona sindano anahama kiti? Baba mkubwa mliyeonana naye Idi ya mwaka juzi atajibu nini hapo? Aheshimiwe, apewe kiti na chai, lakini kalamu apewe binti kama anatambulika.

Na hata wa karibu hubahatisha. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walijumlisha tafiti 16 zilizolinganisha makadirio ya ndugu na matakwa halisi ya wagonjwa kuhusu matibabu. Ndugu walipatia asilimia 68 tu. Cha ajabu, hata waliokwisha kuzungumza na mgonjwa kabla hawakupatia zaidi. Mimi bado nang'ang'ania ushauri wangu: zungumzeni nyumbani mkiwa wazima. Tena mzee aulizwe waziwazi kuhusu utafiti, si kuzungukazunguka.

La pili: "Akiingia kwenye utafiti atachaguliwa dawa bora." Hapana. Mara nyingi kundi hupangwa kwa bahati nasibu, kwa sababu iliyo bora bado haijulikani. Mfano uko jirani. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulifanyika Uganda, Kenya na hapa mkoani kwetu, hospitali ya Teule, Muheza. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu walihusishwa. Maji mengi ya mshipa yanayopitishwa haraka yaliaminika kuokoa maisha. Ndani ya saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliopewa, dhidi ya 7.3 ya wasiopewa. Wazazi wa watoto waliokuwa hoi walielezwa kwa ufupi, wakakubali kwa mdomo, na fomu kamili ikafuata mtoto alipotulia. Kwa hiyo hata ile dhana kwamba bila makaratasi marefu hakuna ridhaa, iwekeni kando.

"Tukikataa atanyimwa oksijeni." Uongo mtupu. Matibabu ya kawaida yanaendelea, na mtumishi anayewatisha hivyo ashitakiwe kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Namba ya simu iko kwenye fomu.

"Damu inauzwa." Habari za mumiani hizi. Kiasi cha damu na kazi yake vimeandikwa kwenye fomu. Kuitoa sampuli nje ya nchi kuna kibali chake na mkataba wake.

"Kidole gumba kinatosha." Hakitoshi. Asiyesoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, naye shahidi anasaini.

Mwisho, ile ya "tumeshasaini, basi." Mwakilishi anaweza kumtoa mgonjwa siku yoyote bila kutoa sababu. Na mgonjwa akizinduka akawa na akili timamu, lazima aulizwe yeye mwenyewe. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linataka ridhaa hiyo itafutwe mapema iwezekanavyo. Akisema sitaki, anatoka, hata kama walioridhia ni ukoo mzima. Taarifa zilizokwisha kukusanywa zitafanywaje? Hilo liulizeni kabla ya kusaini, kisha ombeni nakala ya fomu muondoke nayo.