Si Lazima Kila Kitabu Kiwe na Tembo

Wakutubi wapya, walimu, hata wazazi wanaojitolea kuwasomea watoto hadithi maktabani huniuliza jambo lile lile: "Mada ya kipindi cha hadithi wiki hii ni tembo. Vitabu viwili ninavyo. Cha tatu nitakipata wapi?" Jibu langu limekuwa fupi siku hizi: cha tatu cha nini?

Dhana: kila kitabu lazima kilingane na mada

Imani hii imeharibu vipindi vingi vya hadithi kuliko kelele za watoto. Mtu anaandika "tembo" kwenye katalogi, anabeba vitabu vya kwanza vinavyojitokeza, na kigezo pekee kilichotumika ni mnyama aliye kwenye jalada. Kimoja kina aya ndefu kila ukurasa. Kingine michoro yake ni ya rangi hafifu, mtoto wa mstari wa nyuma haoni kitu. Lakini vina tembo, basi vinasomwa, na dakika ya kumi nusu ya watoto wako chini ya meza.

Mada ni chombo cha kazi cha mkutubi. Inamrahisishia kupanga nyimbo, kazi za mikono na tangazo la ukutani. Mtoto wa miaka mitatu hajali kama vitabu vyote vimeshikamana na mada. Anachoondoka nacho ni ule ukurasa ambapo kila mtu aliinua mkono ukawa mkonga.

Kwa hiyo anza na kitabu. Tafuta kimoja unachopenda kukisoma kwa sauti, halafu jiulize kinahusu nini hasa. Tembo anayeogopa kulala peke yake yuko kwenye hadithi ya usiku, au ya woga, au ya kelele za gizani. Utembo wake ni bahati tu. Ukishaona hivyo, mada inapanuka yenyewe. "Wakubwa na wadogo" inampokea tembo, sisimizi, nyangumi na jitu. "Maji" inabeba mvua, mto, kuoga na samaki. Ukiona unalazimisha vitabu viingie, mada ndiyo iliyobana; ipanue.

Na kitabu kizuri kisichohusiana kabisa na mada? Kisome. Sijawahi kuona mtoto akidai maelezo.

Mtihani wangu ni huu: mpe mwenzako kitabu akishike wazi, urudi nyuma hatua sita. Kama huoni nani anafanya nini, kitabu hicho ni cha mapajani, si cha kundi. Kisha kisome kwa sauti mara moja ukiwa peke yako. Ulimi ukikwama hapo, mbele ya watoto utakwama zaidi. Mwisho angalia kugeuza ukurasa: je, kuna kitu kinachomfanya msikilizaji atake kujua kilichoko upande wa pili? Kiitikio ambacho watoto wanaweza kukidaka baada ya kukisikia mara mbili nakipa alama za ziada, na hapo nakiri nina upendeleo.

Dhana: kitabu chembamba ni kifupi

Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa sababu karatasi za kiwandani hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Unene hauelezi chochote. Hesabu maneno. Na kile kirefu kuliko vyote kisome kwanza, wakati masikio bado mapya.

Dhana: kilichoshinda tuzo hakikosei

Tuzo ya Caldecott, inayotolewa Marekani tangu 1938, humtuza mchoraji kwa michoro yake. Hakuna anayepima kama kitabu kinafaa kwa watoto ishirini wanaogombania mkeka.

Dhana: ukirudia kitabu, watoto watachoka

Anayechoka ni wewe. Jessica Horst na wenzake walichapisha mwaka 2011 utafiti uliowalinganisha watoto wa miaka mitatu: waliosomewa hadithi zile zile kwa kurudiwa walijifunza maneno mapya vizuri zaidi kuliko waliosikia maneno hayo hayo katika hadithi tofauti. Kwa hiyo kipenzi cha wiki iliyopita kina haki ya kurudi, mada ikipenda isipende.

Dhana: lazima kiwe na funzo

Hapana. Kichekesho kinatosha.

Dhana: kikianzwa, kimalizwe

Ukiona kitabu kimekataa, ruka kurasa mbili tatu au kifunge kabisa. Wakati wa kupanga kipindi, weka kingine cha akiba, kifupi, chenye kelele nyingi, nje ya mada kama ni lazima. Kile ulichokifunga kiache mezani kwa atakayetaka kujua kilivyoisha.