Uteuzi wa kijenomu katika kuzalisha ng'ombe wa maziwa wasioota pembe

Uteuzi wa kijenomu ni njia ya kuchagua wanyama wa kuzalishia kwa kupima maelfu ya alama zilizotawanyika katika DNA yao, kisha kukadiria, hata kabla hawajazaa wala kukamuliwa, ubora watakaowarithisha watoto wao. Misingi yake iliwekwa na Meuwissen, Hayes na Goddard mwaka 2001, na Januari 2009 Marekani ilianza kuitumia rasmi kutathmini ng'ombe wa Holstein na Jersey. Makadirio hayo hutokana na kundi rejea, yaani ng'ombe wengi ambao DNA yao imepimwa na ambao rekodi za maziwa, uzazi na afya zao, au za mabinti zao, zinajulikana.

Njia hii inapotajwa pamoja na ng'ombe wasio na pembe, wengi hudhani kwamba ndiyo inayoziondoa pembe. Sivyo. Kutoota pembe ni sifa ya asili, iliyokuwepo miongoni mwa ng'ombe kabla mtu yeyote hajajua DNA ni nini, nayo hutegemea sehemu moja tu ya kromosomu ya kwanza. Mabadiliko mawili yanajulikana sana katika ng'ombe wa asili ya Ulaya: la Kiselti, ambapo kipande cha besi 212 (besi ni herufi za DNA) kimejirudia na kuchukua nafasi ya besi 10, na la Kifrisia, ambapo kipande cha besi takriban 80,000 kimejirudia. Sifa hii ni tawala, kwa hiyo ndama aliyerithi nakala moja tu kutoka kwa mzazi mmoja kwa kawaida haoti pembe. Fahali mwenye nakala mbili, anayeandikwa PP, akipandisha majike wenye pembe, ndama wote huzaliwa bila pembe. Mwenye nakala moja hupata, kwa wastani, nusu.

Kama urithi wake ni mwepesi hivyo, kwa nini ndama wengi wa Holstein bado huchomwa vichipukizi vya pembe kwa chuma cha moto, jambo lenye maumivu kwa mnyama na kazi isiyopendwa na mfugaji? Jibu limo katika historia ya uteuzi wenyewe. Kwa miongo mingi mafahali walichaguliwa kwa maziwa, umbo la kiwele na uzazi, na familia zilizoshinda zilikuwa karibu zote za ng'ombe wenye pembe. Waliobeba nakala ya kutoota pembe walikuwa wachache, wenye ukoo mwembamba, na kwa kawaida walipitwa kwa ubora wa jumla. Mfugaji aliyenunua mbegu zao alikwepa kazi ya kuchoma pembe, lakini alilipa gharama hiyo katika maziwa ya mabinti.

Hapo ndipo uteuzi wa kijenomu unapofaa. Zamani, fahali alisubiri mabinti wake wazaliwe, wakue, wazae na wakamuliwe ndipo thamani yake ijulikane, naye wakati huo alikuwa na umri wa takriban miaka mitano. Sasa sampuli ya nywele zenye mizizi au kipande cha sikio la ndama hutoa majibu mawili kwa pamoja: idadi ya nakala za kutoota pembe alizonazo, na makadirio ya thamani yake katika sifa nyingine. Wazalishaji huwapandisha wabebaji bora na majike bora wenye pembe, huwapima ndama wengi, humbakiza yule aliyepata nakala hiyo pamoja na sehemu kubwa ya ubora wa wazazi wote wawili, kisha hurudia. Kwa kuwa kizazi kimoja hakichukui tena miaka mingi, pengo lililoonekana haliwezi kuzibika linazidi kupungua.

Hatari iliyopo, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa zaidi, ni undugu wa karibu. Mbebaji mmoja mashuhuri akitumiwa kila mahali, wajukuu wake watapandana wao kwa wao, na kasoro zilizojificha zitajitokeza. Alama zilezile za DNA huonyesha kiasi halisi ambacho fahali na jike wanashirikiana kiurithi, na mpango wa upandishaji unapaswa kuzitumia kwa kazi hiyo pia.

Njia hii isichanganywe na uhariri wa jeni, yaani kuibadilisha DNA yenyewe ya mnyama. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walitangaza mafahali wawili wa maziwa waliohaririwa ili wasiote pembe. Mwaka 2019 ukaguzi wa mamlaka ya chakula na dawa ya huko ulikuta DNA ya bakteria imesalia ndani ya jenomu iliyohaririwa. Uteuzi wa kijenomu hauongezi wala haubadilishi chochote katika DNA. Unachagua tu mzazi.

Mfugaji wa Kenya au Tanzania anayenunua mbegu za nje kwa ajili ya uhimilishaji ataiona alama ya P (nakala moja) au PP kando ya jina la fahali asiyeota pembe. Alama hiyo inahusu pembe peke yake. Makadirio ya maziwa yaliyo kando yake yametokana na kundi rejea la Holstein wa nchi za mbali, wanaolishwa na kutunzwa kwa namna nyingine, hivyo hayatabiri kwa usahihi uleule binti chotara atakayekamuliwa kwenye zizi la mfugaji mdogo. Aidha, katika machotara wenye damu ya zebu, baadhi ya ndama, hasa madume, huota vijipembe vidogo visivyoshikamana na fuvu hata kama baba yao ni PP.